Kabla hujamzuia kiumbe wako asitoweke

Wadogo zangu mnaotengeneza modi, yaani nyongeza, za mchezo wa kompyuta wa Minecraft, wiki hii nimeletewa seva tatu hapa Kampala. Zote zimekwama, na kosa ni lile lile nililolifanya mimi. Basi nisikilizeni.

1. Jueni hesabu ya nafasi, yaani viumbe wangapi mchezo unaruhusu wawepo kwa wakati mmoja, kabla ya kuchora hata pembe ya kiumbe. Kwa mchezaji aliye peke yake, maadui wana nafasi 70, ng'ombe na wenzake 10. Adui hazaliwi ndani ya bloku 24 kutoka kwa mchezaji. Akizidi bloku 128 hutoweka papo hapo. Kati ya 32 na 128 ni bahati yake. Yakaririni haya.

2. Alama ya kudumu, ile inayomzuia kiumbe asitoweke, si pambo. Hapa nitakaa.

Nilitengeneza nsenene, wale panzi wa kuliwa. Nani aliyekulia Masaka asiyewatamani? Niliwaweka kundi la maadui ili wazaliwe gizani, wanne hadi wanane kwa mara moja. Vijana waliojaribu wakalalamika: kaka, tunawaona kwa mbali, tukifika hawapo. Nikaongeza mstari mmoja wa kuwapa alama ya kudumu, setPersistenceRequired, pale kiumbe anapoundwa. Sikujua kwamba mchezo ukihesabu zile nafasi 70 humruka kila mwenye alama hiyo. Nsenene wangu wakawa hawatoweki na wala hawahesabiwi. Kila mchezo ulipotazama, uliona nafasi ziko wazi, ukaleta wengine. Nami nilikuwa nimemwacha mhusika wangu amesimama kilimani, nikaenda kulala.

Asubuhi seva haijibu. Tiki moja, yaani pigo moja la saa ya mchezo, ambayo haitakiwi kuzidi milisekunde 50, ilikuwa inakula sekunde kadhaa. Nikaizima, nikaiwasha, ikafia kwenye kupakia chunki, vile vipande vya ramani. Mapango yote chini ya kilima yalijaa nsenene. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma, na katika wiki hizo watoto wa jirani, wakiwa likizo, walikuwa wamejenga Port Bell nzima, ile bandari ya Kampala: gati, maghala, meli yenye taa. Mdogo wao akaniuliza, "Anko, meli yetu iko wapi?" Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ndiye niliyeipoteza. Alinyamaza tu. Hadi leo ule ukimya unaniuma kuliko kelele zote za wachezaji.

Mpeni kiumbe alama hiyo mchezaji anapomkamata, si anapozaliwa. Mkitaka aonekane zaidi, ongezeni uzito wake, yaani uwezekano wa kuchaguliwa, kwenye orodha ya viumbe wa bayomu (aina ya mazingira).

3. Nakala ya akiba kila siku, na nyingine kabla ya kila jaribio.

4. Tazameni toleo. Tangu 1.18 adui wa kawaida katika ulimwengu wa kawaida (Overworld) anataka mwanga wa bloku, kama ule wa mienge, uwe 0. Zamani hata 7 ilitosha, na mafunzo mengi mnayosoma ni ya zamani. Juzi mmoja wenu alinipigia saa sita usiku, sauti inatetemeka: mzee, nimezima mienge yote na hakuna anayezaliwa. Tukapitia msimbo mstari kwa mstari karibu saa nzima. Ulikuwa safi kabisa, umeandikwa vizuri kuliko wangu. Ndipo nikamuuliza ugumu ameuweka wapi. Alikuwa kwenye hali ya amani, ambako maadui hawazaliwi.