INA226 na shanti ya ampea 100: kupanua kipimo bila kupoteza sifuri

INA226 ni chipu inayopima mkondo kwa kusoma milivolti kwenye rezista. Moduli zake nyingi huja na rezista ndogo iliyoandikwa R100, yaani omu 0.1. Chipu yenyewe inasoma hadi milivolti 81.92, kwa hiyo moduli hiyo inagota kwenye ampea 0.82. Inafaa kwa vifaa vidogo, lakini kwa betri ya sola yenye inveta haifui dafu. Dawa yake inajulikana: ng'oa R100, weka shanti ya nje (rezista yenye omu chache mno, ya kupimia mkondo mkubwa) ya ampea 100 kwa milivolti 75. Sasa una miliomu 0.75, na upeo umepanda hadi ampea 109. Wengi huishia hapo, halafu baada ya wiki kadhaa skrini inasema betri imejaa huku inveta inapiga kelele kwamba chaji imeisha.

Tatizo liko chini ya kipimo, si juu. Hatua moja ya chipu ni mikrovolti 2.5. Kwenye R100 hiyo ni mikroampea 25. Kwenye shanti ni miliampea 3.3. Kosa la sifuri ambalo mtengenezaji analiruhusu, mikrovolti 10, linageuka miliampea 13. Ukilijumlisha kwa saa 24 ni ampea-saa 0.32 kila siku, karibu ampea-saa 10 kwa mwezi ambazo hazijaingia wala kutoka popote. Anayenunua shanti ya ampea 300 "kwa usalama" analipandisha kosa hilo hadi miliampea 40. Inveta ya wati 1500 kwenye betri ya volti 24 huvuta kama ampea 70 ikielemewa kabisa. Shanti ya 100 inatosha. Shanti haipendi kubebeshwa zaidi ya theluthi mbili za kiwango chake kwa muda mrefu, nawe uko karibu hapo hapo.

R100 lazima itoke kweli. Ikibaki, mkondo unapita kwenye nyaya za kipimo kwenda kwenye rezista hiyo, na sehemu ya milivolti zako inapotelea njiani. Shanti ina bolti mbili kubwa za mkondo na skrubu mbili ndogo za kipimo. Nyaya za IN+ na IN− zifungwe kwenye skrubu ndogo tu. Ukizibana pamoja na bolti kubwa, unapima na mguso wa bolti: mguso mbovu wa miliomu 0.1 tu ni kosa la asilimia 13, tena linabadilika kila nati ikilegea. Sokota nyaya hizo mbili pamoja. Weka rezista ya omu 10 kwenye kila waya na kapasita ya seramiki ya mikrofaradi 0.1 kati yake, karibu na chipu. Usiweke kilo-omu moja kwa kudhani kichujio kitakuwa bora. Kila mguu wa kipimo unavuta kama mikroampea 10, na rezista mbili zinazotofautiana asilimia 1 zitakuletea mikrovolti 100 za uongo. Fyuzi nazo ni hivyo hivyo. Shanti ikiwa upande wa chanya, linda nyaya zote mbili kwa fyuzi za ampea 1 za aina moja, karibu na shanti. Fyuzi ya miliampea 100 ina omu kadhaa ndani yake, nazo zitaonekana kwenye sifuri.

Kwenye programu, achana na rejista (sehemu ya kumbukumbu ndani ya chipu) ya kalibresheni. Soma rejista ya shanti (0x01) moja kwa moja na ufanye hesabu mwenyewe: mkondo = (N − N0) × k. N ni namba unayoisoma, N0 ni namba hiyo mkondo ukiwa sifuri, na k ni ampea kwa kila hatua. Rejista ya mipangilio iandikie 0x45FF: wastani wa mara 16, kila kipimo milisekunde 8.244. Inveta ya 50 Hz huvuta mkondo wa betri kwa mawimbi ya 100 Hz, na mpangilio wa kiwandani (0x4127), usio na wastani wowote, huyadaka mawimbi hayo popote yalipo, ndipo namba zinaanza kuchezacheza.

N0 ndiyo inayostahili muda wako. Usiipime mezani kwa kugusanisha nyaya mbili kwenye volti 0. Chipu inakandamiza volteji ya betri kwa kiwango cha desibeli 126 au zaidi, ambacho ni kikubwa, ila kwa volti 24 bado kinaweza kuacha mikrovolti 12. Pima mahali pake: upande wa betri ubaki umefungwa kwenye shanti, upande wa pili ufungue kabisa, chukua wastani wa usomaji 200. Rudia mchana jua likiwa kali. Chipu haihami hata hatua moja kwa tofauti ya nyuzi 20. Ukiona N0 imehama hatua tatu au nne, angalia kama ncha moja ya shanti iko karibu na kitu cha moto. Metali mbili tofauti zenye joto tofauti huzalisha mikrovolti zake zenyewe. Isogeze shanti.

Kwa k, pitisha ampea 5 hivi kupitia multimita (taa za lori za wati 70, mbili kwa sambamba, zinafaa), kisha geuza nyaya za shanti na upime tena. Gawa jumla ya mikondo miwili kwa tofauti ya N mbili. Kosa la sifuri linajifuta lenyewe. Utarajie kitu karibu na 0.00333. Ukipata zaidi ya asilimia 2 pembeni, usiikubali hiyo k: kagua migusano kwanza, kisha multimita.

Huna chanzo cha kuaminika cha ampea 50? Zungusha waya ule wa ampea 5 mara 10 ndani ya taya za klampumita ya DC (nyingi za bei nafuu hupima AC tu, soma vizuri). Itasoma 50, na umeshajua inakosea kiasi gani hapo. Isifurishe kabla ya kila usomaji. Sasa washa pasi ya wati 1000 kwenye inveta, ufikie ampea 45 hivi, na usome haraka kabla pasi haijajikata.

Andika jedwali la ampea 0.5, 1, 2, 5, 10, 20 na 45, kupanda na kushuka, kisha uchore makosa yenyewe, si mstari. Kosa lisilobadilika ni N0. Linalokua sawia na mkondo ni k. Asilimia ya kosa ikipanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, shanti inapata moto na metali yake si manganini, aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Kuchaji na kutumia kukitofautiana, kuna njia ya pili ya hasi inayoikwepa shanti.

Hiyo ya mwisho hutokea sana kwenye mifumo ya volti 48, ambako chipu hii ya volti 36 inalazimu shanti iwekwe upande wa hasi. Ukichomeka kompyuta kwa USB huku chaja yake ikigusa hasi ya upande wa pili, sehemu ya mkondo inapita kwenye kebo ya USB. Tumia kitenganishi cha USB, au soma kwa Wi-Fi ya kidhibiti kidogo cha ESP32. Kwa volti 48 upande wa chanya, nunua chipu ya INA228; inahimili volti 85.