Vibao vya mabua na mkonge: kwa nini vinavimba?

SWALI: Mimi ni fundi seremala wa Kongwa. Mwaka jana nilisaga mabua ya mtama, nikayachanganya na singa za mkonge zilizokatwakatwa pamoja na gundi ya wanga wa muhogo, nikagandamiza kupata vibao vya dari. Kiangazi chote vilikuwa vigumu, lakini mvua za Desemba zilipoanza, hata vilivyokuwa stoo vilivimba na kuachana. Je, nitumie rezini ya dukani, yaani gundi ya kemikali inayoganda ikawa ngumu, na nikifanya hivyo vitabaki kuwa rafiki wa mazingira?

JIBU: Ndugu msomaji, kilichokusumbua ni tabia ya selulosi yenyewe, ambayo ndiyo nguvu ya mmea lakini huvuta unyevu hata wa hewani. Takriban thuluthi mbili ya singa ya mkonge ni selulosi, ila imezungukwa na nta pamoja na lignini na hemiselulosi, ambazo ni kama gundi ya asili ya mmea, na hiyo hemiselulosi hupenda maji kuliko vyote. Gundi yako ilishika tabaka hilo la juu, haikuufikia uzi.

Ili kuliondoa tabaka hilo, kabla ya kuchanganya loweka singa kwa saa moja au mbili katika maji yenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, gramu 50 kwa lita moja, kisha suuza mpaka utelezi uishe, umalizie kwa maji yenye siki kidogo na kuzikausha kabisa juani. Tafadhali vaa glavu na miwani, tia kostiki ndani ya maji wala si maji juu ya kostiki, na usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa huliwa na kutoa gesi inayoshika moto. Maji yaliyobaki usiyamwage korongoni kabla ya kuyapoza ukali kwa siki.

Rezini ya poliesta huzuia maji vizuri, lakini kibao chake kikichakaa hakiozi wala hakiyeyushwi upya, kwa hiyo siipendekezi. Baki na muhogo, uongeze boraksi (chumvi ya madini) kidogo, maana kwa mchwa wa huku kwetu bua ni chakula. Kisha paka vanishi pande zote mbili na hasa kwenye kingo, ambako maji huanzia. Hata hivyo wanga hautahimili bati linalovuja.

Kabla ya kuuza, pima uzito wa kibao kipya na cha zamani, uvizamishe majini saa 24, kisha uvipime tena uone kipi kimenyonya maji kidogo.