Fundi Anajibu: Bolti za shakeli zimegoma

SWALI: Ninafufua Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, iliyolala miaka mingi karibu na bahari. Nataka kushusha springi za mbele. Nati za shakeli, yale mabamba mawili yanayounganisha springi na chasisi, zimetoka, lakini bolti hazisogei hata kwa nyundo kubwa. Nikitia spana inazunguka kidogo, nikiachia inarudi. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwanza weka nyundo chini. Katika shakeli ya gari hili, bamba la upande wa nati lina hesi, yaani mikato ya mzunguko ya kushika bolti. Nati ni ya kukazia tu. Ukishaitoa, bolti bado imeshikwa na bamba na hufunguliwa kwa spana. Ukiipiga, unaua hesi.

Huko kurudi ndiko kunakoeleza ugonjwa. Bolti hupita ndani ya bushi, nayo ni mabomba mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na mpira ulioganda katikati. Kutu imeunganisha bolti na bomba la ndani, kwa hiyo unausokota mpira, nao unakurudishia. Hata ukiukata mpira kwa nguvu na hesi zikaachia, bomba litabaki limeng'ang'ania bolti, na tundu la bamba ni dogo kwa bomba hilo kupita. Mafuta ya kulainisha kutu yape usiku mmoja. Yakishindwa, kata.

Nyanyua gari kwa chasisi, uiweke juu ya stendi imara, wala si matofali. Ekseli iwe na jeki yake, uishushe au uipandishe mpaka springi isivute bolti. Toa yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, mbili kila springi. Kisha pitisha diski nyembamba ya grenda kati ya bamba na bushi, kata pande zote mbili za bushi. Pakibana, tumia msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi; mkono utauma, lakini utafika. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele: lishushe kabla ya cheche ya kwanza, na usichome mpira kwa gesi kama wafanyavyo wengi.

Bushi iliyobaki kwenye chasisi, toboa mpira kwa drili kuzunguka bomba la ndani mpaka litoke. Ingiza bapa la msumeno ndani ya ganda la nje, yaani lile bomba la nje, likate kwa urefu mstari mmoja. Kata taratibu na uchungulie mara kwa mara, maana ukipitiliza unakata chasisi yenyewe. Kwa tindo likunje kuelekea ndani, litatoka kwa kugongwa.

Gari zima lina bushi 12: nane za springi, nne za chasisi. Badilisha zote. Bolti mpya ziwe za inchi 9/16 UNF, yaani hesi nyembamba za kipimo cha inchi; ya milimita 14 inafanana kwa macho lakini hesi zake hazikubali. Springi zitie alama ya kushoto na kulia, kwani ya upande wa dereva si sawa na ya abiria.

SWALI: Nilifunga bushi mpya kwenye gari kama hilo, mpira ukachanika baada ya wiki chache. Ni bushi feki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huenda, lakini mara nyingi kosa ni kukaza gari likiwa limening'inia. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa na mabamba. Gari likishuka, mpira unakaa umesokotwa muda wote, na kila shimo la barabarani linauongezea. Paka bolti grisi ya shaba, uifunge kwa mkono tu, shusha gari juu ya magurudumu, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Na wakati wa kuingiza bushi, sukuma kwenye ukingo wa ganda la nje kwa fimbo yenye hesi na soketi mbili. Ukisukuma bomba la ndani, unauchana mpira kabla gari halijatoka gereji.