Maswali ya Wasomaji: Nyasi za Nyumbani Mwambao

Salaam aleikum. Nimejenga Shela, Lamu, kwenye mchanga mtupu. Maji ya kisima yana chumvi kidogo. Fundi wa bustani anasema nipande nyasi za Kikuyu kwa kuwa ni nene. Nimsikilize?

Wa aleikum salaam. Hapana. Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu zenye ubaridi, na wewe uko usawa wa bahari. Panda paspalamu. Hiyo asili yake ni fukwe na vinamasi vya chumvi, majani yake ni membamba na laini, na hustahimili maji ambayo yangeunguza takriban nyasi nyingine zote za bustani. Ukoka wa kawaida unaifuata kwa mbali. Ikiwa chumvi unaisikia ulimini ukiyaonja maji, usihangaike kutafuta nyasi nyingine.

Lakini hata paspalamu ina kiasi chake. Maji yakikauka, chumvi hubaki, na ukinyunyiza kidogo kila jioni unairundika pale pale kwenye mizizi. Ncha za majani zitaanza kukauka na kuwa za kahawia. Mwagilia kwa wingi, mara tatu kwa wiki, alfajiri. Wakati wa kaskazi mita moja ya mraba hutaka jumla ya lita 25 hadi 35 kwa wiki. Kujua umetia kiasi gani, weka kopo lenye kuta zilizonyooka katikati ya nyasi: maji yakifika sentimita moja, umetia lita 10 kwa kila mita. Mara moja kwa mwezi tia maradufu ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mchanga hupitisha maji upesi, kwa hiyo hapo umebahatika.

Sasa piga hesabu. Kiwanja cha mita 50 za mraba kitakunywa lita 1,250 hadi 1,750 kila wiki. Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya bahari hupanda. Tunakusihi upande kidogo, mbele ya baraza tu, na kwingine uache mchanga na miti.

Niko Barani, Malindi. Nataka kumwaga udongo mwekundu juu ya mchanga kisha nipande. Uwe na unene gani?

Usiumwage juu. Udongo wa mfinyanzi ukilala juu ya mchanga, mizizi hubaki humo humo juu. Masika patatuama maji, kaskazi patapasuka. Tena udongo wa kununua mara nyingi huja na ndago. Afadhali samadi iliyooza: ndoo moja na nusu ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, uichanganye na mchanga hadi kina cha sentimita 15. Samadi ya punda ni nzuri, ila iache ioze miezi kadhaa na uigeuzegeuze, maana mbegu za magugu hutoka tumboni mwa punda zikiwa hai.

Sawazisha kwa reki, mwagilia, kisha subiri wiki mbili au tatu magugu yaote uyang'oe. Watu wengi huruka hatua hii, nao hupalilia mwaka mzima. Masika yanapoanza, chukua vipando vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo vitatu au vinne. Chimba vifereji vya kina cha sentimita 5, kimoja hadi kingine sentimita 15 hadi 20. Fukia theluthi mbili ya kipando, ncha ibaki nje, kanyaga pashikane. Vipando vipandwe siku ile ile vilipong'olewa, kwani vikishinda ndani ya gunia juani hufa. Wiki mbili za mwanzo nyunyiza kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kisha punguza.

Chini ya mwembe wangu hapaoti kitu. Nyasi gani huvumilia kivuli?

Pemba, yenye majani mapana. Ikate iwe na kimo cha sentimita 7, usishushe zaidi, na punguza matawi ya chini ya mwembe. Pasipofika jua hata saa tatu kwa siku, acha majani makavu yafunike ardhi.

Nimetia yurea mara mbili, na bado nyasi ni za manjano. Udongo wetu ni wa matumbawe.

Tazama ni majani yapi. Manjano yakianzia majani ya zamani, nitrojeni imepungua. Yakianzia majani machanga, huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana ni chuma. Chuma kimo ardhini, ila chokaa ya matumbawe imekifunga. Yeyusha gramu 60 za salfeti ya chuma katika lita 15 za maji, unyunyize majani ya mita 100 za mraba jioni. Epuka ukuta na sakafu, maana huacha madoa ya kutu yasiyotoka. Utarudia, kwa sababu majani mapya huota bila chuma.

Yurea nayo, ikiachwa juu ya udongo wa chokaa wenye joto, hupotea hewani. Tumia SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia: kilo 1.2 kwa mita 100 za mraba, mwagilia papo hapo, rudia baada ya wiki tatu.

Jirani humwaga maji ya bahari kwenye paspalamu yake kuua magugu. Mimi nina ukoka na ndago zimenizidi. Nifanye hivyo?

Usithubutu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Paspalamu huweza kuyastahimili mara moja moja. Ukoka wako utaungua, na mndimu ulio karibu utaumia, huku ndago zikichipua tena, kwa kuwa viazi vyake viko chini kabisa. Ukizing'oa kwa mkono, uzi unaounganisha viazi hukatika na vilivyobaki huamka. Zichimbe kwa uma wa bustani mvua ikishalainisha ardhi, fuata kila uzi hadi kiazi, na utupe mbali na shimo la mbolea. Rudi kila baada ya wiki mbili au tatu, kabla machipukizi mapya hayajatengeneza viazi vyake.