Sado yenye kitako kilichobonyea

Nauza dagaa Kigoma mjini, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nanunua asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi, vipe, yaani vyombo vya wavuvi, vikirudi kutoka ziwani, naanika, kisha nauza wakavu sokoni Mwanga. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafunga ndoa kanisani, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Miaka minne ya mwanzo ya biashara hii nilikuwa nayo yote hayo, na bado nilipunja watu kila siku isipokuwa Jumapili, maana Jumapili sifungui.

Aliyezoea soko anaijua sado, lile kopo la rangi la lita nne tunalopimia. Ukiweka kisigino kwenye kitako chake ukakandamiza, kinaingia ndani na kuinuka kama kichuguu, na dagaa waliopaswa kukaa pale hawakai. Mnunuzi akitazama kwa juu anaona sado imejaa, tena ina kichwa. Mimi sikuikandamiza. Niliikuta hivyo kwa mama aliyeniuzia meza yake, na maneno hayo ndiyo yaliyonipa usingizi kila usiku: si mimi niliyebonyeza. Siku moja nilipima sado yangu na ya jirani, nikakuta zimepishana konzi mbili. Kwa siku nilikuwa nikiuza sado kumi na tano hadi ishirini. Hesabu hiyo sikutaka kuipiga.

Aliyenilazimisha kuipiga ni bibi mmoja wa Ujiji, Mwislamu, mtu mzima wa kanga mbili na bakora. Nilimwamkia shikamoo, nikapima, na kabla sijammiminia kikapuni akaniomba anishikie sado. Akaingiza mkono katikati ya dagaa, taratibu, mpaka kitakoni, kama anayepapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba. Akautoa, akakung'uta vidole.

"Mwanangu," akasema, "sisi kwenye Kurani tuna sura nzima ya wanaopunja vipimo. Ninyi kwenu mna nini?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi mwanakwaya nikakosa la kujibu. Akalipa bei niliyotaja, akaondoka na dagaa wake pungufu. Jioni ndipo nilipokumbuka kuwa tunayo: Mithali 11, mstari wa kwanza kabisa, juu ya mizani ya hadaa. Nilikuwa nimewahi kuusoma kwa sauti mbele ya jumuiya yetu.

Kinachonisumbua mpaka leo ni hiki. Kwenye mafundisho tulikaririshwa fadhila zote. Tatu za kimungu, imani, matumaini na mapendo. Nne kuu, busara, haki, nguvu na kiasi. Ukiniamsha usiku wa manane nakutajia. Katekista alitueleza vizuri kabisa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na tena kwamba fadhila si tendo la siku moja bali ni mazoea ya kutenda mema. Nikajibu swali, nikapata alama, nikapakwa mafuta na askofu. Haki ikabaki kwenye daftari. Haikuwahi kunijia kwamba inaweza kuwa ndani ya kopo la rangi.

Kwa hiyo kama unaniomba ushauri, wa kwanza ni huu, na nauona ndio mzito kuliko mingine yote: acha kuomba fadhila kwa jina lake. Nimeomba "Bwana, nipe uaminifu" miaka na miaka, na sala ile ilinifurahisha kwa sababu haikunigusa popote. Tafuta kwanza mahali unapoteleza, pawe mahali pa kushikika kwa mkono, halafu ombea hapo. Fundi cherehani anajua kitambaa kinachobaki kinakwenda wapi. Mwenye bodaboda anajua anataja bei gani mvua ikikolea. Mwalimu analijua daftari lake la mahudhurio. Mimi ni sado, nikaanza kuombea sado. Kuna mtu wa kwaya alicheka nilipomwambia.

Nilijaribu kukinyoosha kile kitako kwa jiwe la kusagia, kikagoma. Kikatoka upande mmoja, upande wa pili kikakunjika zaidi. Nikanunua sado nyingine. Kisha nikaenda kuungama, nikidhani nitapewa Salamu Maria kadhaa nirudi nyumbani. Padri akauliza, "Na wale uliowapunja?" Nikamwambia siwajui, ni watu wa soko. Akasema basi soko lenyewe lirudishiwe. Kitubio changu kikawa kumwongezea kila mnunuzi konzi mbili juu ya sado iliyojaa, Kwaresima nzima.

Naomba nisikudanganye kuhusu kilichofuata, maana tunapenda sana ushuhuda unaoishia na gari. Sikubarikiwa kifedha. Dagaa walinipungukia, faida ikashuka, na baada ya Pasaka nilipoacha ile nyongeza, sado ikiwa sasa halali, ilinibidi nipandishe bei kidogo. Wateja wakahama. Walikwenda meza ya pili wakanunua sado yenye kichuguu kwa bei rahisi, na mimi nikawatazama nikiwa na hasira. Baadhi walirudi baada ya miezi, wengine hawajarudi mpaka leo. Anayekuambia kwamba ukiwa mwaminifu biashara itapaa, muulize yeye anauza nini.

Ila kitu kimoja kilibadilika, nacho ni mkono wangu. Kwaresima ile, siku za kwanza, kila konzi ya nyongeza iliniuma kama nang'olewa jino. Nikawa nachota konzi ndogo, vidole vimebana. Kufikia wiki ya nne hivi, mkono ulikuwa unachota wenyewe nikiwa naongea na mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa neno mazoea ambalo katekista alilisema. Marehemu mama mkwe aliniachia Biblia yake ya zamani, na kwenye Waraka wa Pili wa Petro, sura ya kwanza, imeandikwa katika imani yenu tieni na wema, na katika wema maarifa, kisha kiasi, saburi, inaendelea hivyo mpaka upendo. Tieni. Nililipenda neno hilo kwa sababu ni la jikoni. Chumvi unatia kidogo, unaonja, unatia tena. Hakuna mpishi anayemimina pakiti nzima kisha akasema amemaliza kutia chumvi kwa mwaka huu, lakini ndivyo tunavyofanya kwenye semina za siku tatu.

Mpaka leo, kabla sijapanga meza, naingiza mkono ndani ya sado na kugusa kitako. Nasema sentensi moja tu: "Bwana, kiwe sawa." Najua kiko sawa, sado ni ileile ya jana. Naugusa mkono wangu zaidi kuliko kopo.

Na kwa kujihoji, sisi watu wa dagaa tuna kalenda yetu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, hivyo mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika na mwalo unapoa. Siku hizo za mbalamwezi nimezifanya siku za kufunga na kujikagua, kwa sababu hakuna cha kunikimbiza. Wewe tafuta siku yako ambayo kazi yako inalala. Ukisema utajikagua kila jioni ukitoka sokoni na miguu imevimba, utalala na rozari mkononi. Nimejaribu.

Sasa nije kwenye aibu ya pili. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Nilikuwa nimejiandaa, nina magunia matatu ya dagaa wakavu chumbani. Bei ikapanda, nami nikapandisha. Kwa hilo sijihukumu, soko zima lilipanda. Ila jioni moja mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alibisha hodi akiniomba nimkopeshe nusu sado hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia mlangoni, kwa sauti ya upole kabisa, "Wameisha, mama." Na magunia yako nyuma ya pazia, hatua nne. Wewe unaijua harufu ya dagaa wakavu kwenye chumba kilichofungwa. Yule mama alivuta pumzi, akanitazama, akasema haya mwanangu usiku mwema.

Nililala nikijitetea. Mimi si yule wa zamani, sado yangu ni halali, soko zima linajua. Kumbe hapo ndipo tatizo lilipokuwa: ile sado ilishanivimbisha kichwa. Nilidhani mtu akishakuwa mwaminifu sokoni, uaminifu unamfuata wenyewe mpaka mlangoni kwake. Haukunifuata. Ulibaki Mwanga mezani. Tangu hapo simwambii mtu kwamba fadhila moja itamzalia nyingine zote. Huenda kwa watakatifu iko hivyo. Kwangu kila mlango umehitaji ufunguo wake.

Kesho yake nilimpelekea sado nzima. Sikuwa na hotuba, nilisema tu, "Mama, jana nilikudanganya." Akapokea, akasema, "Nilinusa." Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka machozi yakinitoka. Yeye ndiye mtu niliyemwomba awe ananiuliza. Kila tukikutana baada ya Misa ananiuliza, "Chumbani kunanukaje?" Wanaotusikia hawaelewi. Tafuta mtu wa namna hiyo, asiwe mwenzi wako wa ndoa na asiwe mtu anayekuogopa.

Mwezi huu nimeanza upole. Mahali pake nimeshapaona: ni saa moja asubuhi, na ni kijana wa guta anayeniletea magunia kutoka Kibirizi. Anachelewa kila siku, na kila siku nimemtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Leo alikuja saa mbili kasoro. Nikamsalimia, nikamuuliza barabara ikoje, halafu nikamtukana. Kesho tutaanza tena, atakuja kwa kuchelewa kama kawaida yake.