Koka za waridi kwenye vichala: je, ni Neisseria?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mafunzoni kwenye maabara moja hapa Kisumu. Ijumaa tulipanda usaha wa kidonda cha mguu kwenye agari ya damu, chakula cha kuoteshea bakteria. Jumatatu nikapaka koloni kwenye slaidi, nikapiga rangi ya Gram (inayotenganisha bakteria wanaoshika zambarau na wanaobaki waridi) na kuosha kwa asetoni sekunde 15, vile tulivyofunzwa chuoni. Naona koka (bakteria wa mviringo) za waridi, vichala vichala, na kipimo cha katalasi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksidi, kimetoa povu. Niandike Neisseria?

Jibu: Marahaba. Usiandike bado. Neisseria hukaa mbilimbili, kama punje mbili za maharagwe zilizotazamana. Vichala ni sura ya stafilokoka, nao hupaswa kutoka zambarau, si waridi kama Neisseria. Umbo likisema hivi na rangi ikasema vile, mimi hushuku rangi kwanza.

Nadhani chuoni mlitumia spiriti, ambayo huvumilia hizo sekunde 15. Asetoni haivumilii: sekunde 2 au 3, kisha maji mara moja. Ukichelewa, zambarau inatoka hata kwa bakteria waliopaswa kuishika, halafu safranini, rangi ya mwisho, inawapaka waridi. Tena koloni zako zina siku 3. Ukuta wa seli iliyozeeka huvujisha rangi hata ukiosha vizuri, kwa hiyo tumia koloni ya saa 18 hadi 24.

Povu nalo halikusaidii hapa, kwa sababu stafilokoka na Neisseria wote wana katalasi. Na kama kijiti kiligusa agari, hata chembe nyekundu za damu zinatoa povu. Kinachowatenganisha hawa wawili ni kipimo cha kimeng'enya cha oksidesi: Neisseria hugeuza karatasi ya kipimo zambarau iliyokolea, Staphylococcus aureus haigeuzi.

Rudi pia kwenye usaha wenyewe, kama bado mna slaidi yake. Tazama viini vya seli za usaha. Vikiwa vya zambarau, hukuosha vya kutosha. Hiki ni kipimo cha bure ambacho wengi wanakipita tu, na inaniuma, maana daktari huchagua dawa kwa ripoti yetu ya Gram kabla majibu ya usugu wa dawa hayajatoka.

Panda upya leo. Kesho, kwenye slaidi hiyohiyo, weka tone la stafilokoka mnayoijua (itoke zambarau) upande mmoja na la bakteria E. coli (itoke waridi) upande wa pili, sampuli yako katikati. Sampuli yako ikitoka zambarau, fanya koagulasi, kipimo cha kugandisha plazima: plazima kwenye tyubu, nyuzi 37, uitazame kila saa hadi ya 4. Iinamishe polepole, usiitikise. Ikiganda kama uji uliopoa, andika Staphylococcus aureus.