Kikabati cha babu chenye droo zisizofunguka

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Kongwa. Babu yetu alipofariki katuachia kikabati cha mbao, kifupi, kinaishia kama magotini. Juu kina mfuniko unanyanyuka, ndani kuna ubao wenye tundu la duara, mbele kuna droo mbili ila hazifunguki hata ukizichokonoa na bisibisi. Kuna jamaa kaja na mashine ya kupimia madini, ikalia, anasema ni kabati la Mjerumani la kufichia rupia, tumpe laki tatu alipasue. Kweli lilikuwa la nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimpe hata mia, na msumeno usiguse hiyo mbao. Hicho ni choo cha usiku. Nyumba nyingi za wazungu zamani choo kilikuwa nje, sa usiku au mtu akiumwa anakalia hapo chumbani, chini ya tundu inakaa sufuria ya udongo au ya enameli, asubuhi boi anaitoa kwenda kumwaga. Chukua futi upime toka sakafuni mpaka kwenye huo ubao wa tundu. Ikija sentimita 40 na kitu mpaka 50, hapo ni pa kukalia, maana kabati la kunawia uso lingekuwa juu zaidi, 75 hivi, mtu ananawa kasimama. Halafu washa tochi ya simu umulike chini ya tundu, mara nyingi utakuta alama ya duara pale sufuria ilipokuwa inakwaruza, na madoa yaliyoingia kwenye mbao hata ukisugua hayatoki.

Hizo droo sasa ndo zinaua makabati ya watu. Hazifunguki kwa sababu sio droo! Ni ubao mmoja umechorwa mfereji katikati na kupigiliwa vishikio, kwa sababu nyuma yake ndo inakaa sufuria, na mwenye nyumba hakutaka mgeni akiingia chumbani ajue kile ni choo, akaambiwa fundi atengeneze kifanane na kabati la nguo. Chungulia kwa ndani, kama huoni vibao vya kutelezea wala pembe za droo zilipoungwa basi hakuna droo na haikuwahi kuwepo. Fundi alikuwa anaficha aibu, wala sio hela.

Na mashine kulia ni lazima ilie, kuna bawaba, skrubu, misumari na hivyo vishikio, ulitaka ifanyeje?

Halafu hili la Mjerumani limenichosha. Hapa kwetu kila kitu cha mbao kizito ni cha Mjerumani. Reli ya kubeba mizigo mizito kama hii ilifika Dodoma 1910, na 1916 Mjerumani kashatolewa huku kwenye vita, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo. Mwingereza kakaa mpaka 1961, na hapo hapo Kongwa walijazana kuanzia 1947 kwenye mradi wa karanga mpaka ulipokufa 1951. Fungua skrubu moja ya bawaba taratibu. Ikiwa ya kichwa cha nyota, na tundu lake halijawahi kutobolewa upya au kuzibwa, Mjerumani hausiki, hizo zimeanza kutengenezwa miaka ya 1930. Mbao ikiwa mninga ndo kabisa, hiyo ni ya miombo yetu, kimechongwa huku huku hakijashuka na meli.

Siri za kweli zipo, sikatai. Masanduku ya njumu ya pwani, yale ya kupambwa kwa shaba, mengine yana vidroo vya siri chini ya kile kijisanduku cha ndani pembeni, lakini fundi aliviweka ili vifunguke, unasukuma kibao au unavuta kingine juu, hakuna mtu alitengeneza sehemu ya kuweka mali yake halafu ili aitoe apasue sanduku. Ukiwa na wasiwasi pima kina kwa nje, pima na kwa ndani, ukiona sentimita kadhaa zimepotea tafuta kibao kinachocheza. Na ufa usikutie tamaa, ukame wa Dodoma unakausha mbao mpaka inaachana yenyewe.

Mi naletewa vitu vimeshapasuliwa na hawa hawa wenye vipimo, sanduku limeng'olewa tumbo, cherehani ya bibi imefunguliwa eti wanatafuta zebaki nyekundu, na zebaki nyekundu haipo duniani, ni utapeli mtupu. Wakimaliza wanasema mali imehama inataka kafara. Kinachobakia mwenyewe anakipiga msasa wa mashine na vanishi ya gari, na hapo madoa, mikwaruzo, alama za randa, vyote ambavyo vingenionyesha kitu kilitumikaje vimekwenda. Kwa hiyo cha kwenu mkifute vumbi kwa kitambaa kikavu tu, mkipige picha chini, nyuma na ndani ya tundu, na miguu yake muiweke juu ya vipande vya tofali, maana huko Kongwa mchwa ndo mwizi wenu wa kweli.